Vichwa vingi, kilo chache

Mwezi uliopita nilikuwa mnadani tangu saa 12 asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno, natafuta ng'ombe wanne wa kupeleka Dar. Mwenyeji wangu huko ni mjomba, yeye kakulia zizini, mi nimekulia Temeke kwahiyo mnisamehe. Tukasimama kwa dume mmoja mwekundu, nundu imekaa vizuri, mbavu zinaonekana ila sio sana, dalali huyo akaja mbio kama kaitwa, "bosi wangu, hapa kilo 150 zinatoka piga ua". Anamaanisha kilo 150 za nyama baada ya kuchinja na kuchuna, kichwa na miguu na matumbo pembeni. Mjomba akamzunguka yule dume mara mbili, akamshika pale mkia unapoanzia, afu akaniambia taratibu "mjomba, hapa kuna 120, akijitahidi sana". Mi nishampenda yule ng'ombe, sijui kwanini, nikalipa 1,150,000.

Machinjioni alitoa 118.

Piga hesabu mwenyewe, kilo nauza 10,000, kuna mifupa ambayo lazima uichanganye na steki la sivyo wateja wanakukimbia, nyama ikining'inia usiku mmoja inapungua kilo mbili hivi kwa maji tu, kuna Fuso, kuna kibali, kuna ushuru, kuna kijana wa bucha. Kilichoniokoa ni utumbo, maini na makongoro. Ngozi ndo usiniulize, zamani ngozi ilikuwa hela ya maana, siku hizi kuna machinjio watu wanazitupa kabisa.

Sasa kilichonikera sio hasara, hasara nishazoea. Kilichonikera ni kwamba pale mnadani kuna mzani. Mzani mzuri tu wa kupimia ng'ombe mzima mzima, una vyuma pembeni vya kumbana asitoke, na siku ile juu yake walikuwa wamelala mbuzi wawili. Hakuna anayeutumia. Ng'ombe zaidi ya 300 wameuzwa siku ile na wote wameuzwa kwa macho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma soma mambo ya ng'ombe wa Afrika nzima, usiku bucha nikishafunga, na kila nikisoma namuona yule mbuzi kalala juu ya mzani. Maana hili bara letu lina ng'ombe bwana. Ukichukua ng'ombe wote duniani, karibu robo wako Afrika. Ethiopia peke yake ina zaidi ya milioni 60, sisi Tanzania wizara inasema tumepita milioni 36, Sudan na Chad nako ni mafuriko. Lakini ukija kwenye nyama yenyewe, nyama ya ng'ombe inayotoka Afrika ni kama sehemu moja tu katika kumi za dunia. Robo ya ng'ombe, moja ya kumi ya nyama. Hiyo nyingine imeenda wapi? Haijaenda popote, haikuwepo tangu mwanzo. Ng'ombe wa Ethiopia akichinjwa wastani ni kilo kama 110, wa Afrika Kusini anaenda kwenye 280, wa Marekani anapita 350 bila wasiwasi. Yani Mmarekani anachinja mmoja, sisi huku tumechinja watatu na bado hatujamfikia.

Kosa sio la ng'ombe wetu lakini, naomba nimtetee hapa. Zebu wa kienyeji ni mnyama wa ajabu, anatembea kilomita 20 kutafuta maji, anakula majani ambayo ng'ombe wa Ulaya angeyapita kama hayaoni, kupe anamvumilia kuliko mgeni yeyote. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ikipita, yule wa kisasa uliyemnunua kwa mkopo analala, wa kienyeji mara nyingi anakohoa kohoa afu anaendelea na maisha. Ameumbwa kwa ajili ya kubaki hai. Kunenepa ni kazi nyingine, na hakuna aliyewahi kumlipia chakula cha kazi hiyo.

Na hapo ndo tunafika kwa mwenye ng'ombe. Siku ile mjomba alinipeleka kwa mzee mmoja jirani yake, ana ng'ombe kama 200, anaishi nyumba ya tembe na redio. Nikamsalimia, "shikamoo mzee", "marahaba mwanangu", tukapewa maziwa, nikamuuliza kwa adabu kwanini asiuze hata 30 ajenge nyumba nzuri. Akacheka. Akasema mwaka jana alipeleka mjukuu chuo, akauza watatu. Mwaka huu bei imepanda, ada ni ile ile, kwahiyo ameuza wawili tu. Mi nikabaki namwangalia. Mimi biashara niliyofundishwa ni kwamba bei ikipanda mzigo sokoni unaongezeka, huyu mzee bei ikipanda anapunguza mzigo maana shida yake inaisha na ng'ombe wachache zaidi! Na hana ujinga wowote, ng'ombe kwake ni akaunti ya benki, unatoa kiasi cha shida yako unafunga. Tena anatoa nani? Anatoa dume aliyezeeka, jike lililoacha kuzaa, yule mwenye jicho bovu. Mtamba mzuri hauzwi. Kwahiyo mjini tunakula wastaafu. Ndo maana nyama yetu inataka moto wa saa mbili na meno ya kazi, mpishi usimlaumu.

Wataalamu wa mipango wamekuja na hili somo miaka na miaka, "wafugaji wavune mifugo", neno lenyewe tu "kuvuna" linamchekesha mfugaji. Wamejenga viwanda pia. Wakati wa mkoloni pale Kawe Dar palikuwa na kiwanda kikubwa cha nyama ya makopo, Tanganyika Packers, nyama ya Mtanganyika inaenda kulisha Mwingereza. Kikafa. Siku hizi ukisikia Tanganyika Packers ni viwanja vya mikutano na maombi, watoto wengine wanadhani ni jina la kanisa. Wakenya nao wana Kenya Meat Commission ya tangu 1950 pale Athi River, ikayumba, ikafungwa, ikafufuliwa 2006, mwaka 2020 ikakabidhiwa kwa jeshi. Wimbo ni mmoja, kiwanda kinataka ng'ombe wa umri mmoja na uzito mmoja kila siku ya Mungu, na mfugaji analeta ng'ombe ada ya shule ikifika. Hao wawili hawakutani.

Na kuna sababu ya huyo mzee kuogopa kubaki na ng'ombe wachache. Mwaka 1887 iliingia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, kupitia Massawa, Eritrea ya sasa, ililetwa na ng'ombe wa jeshi la Italia, ikashuka bara zima mpaka kufika Afrika Kusini 1896 na 1897. Sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Wamaasai kipindi kile wanakiita Emutai, maangamizi, maana baada ya ng'ombe zikaja njaa na ndui kwa watu. Hebu fikiria benki zote za Afrika zinafilisika ndani ya miaka kumi, afu mzungu anafika kugawana nchi watu wakiwa hawana hata nguvu ya kusimama. Habari nzuri ni kwamba chanjo iliyokuja kuimaliza sotoka ilitengenezwa hapo Muguga, Kenya, na daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, mgonjwa wa mwisho alionekana Kenya 2001 kwa nyati wa hifadhi ya Meru, na 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka imeisha duniani. Ni ugonjwa wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui ya binadamu. Nashangaa watoto shuleni hawaimbishwi hili.

Ukame nao uko pale pale. Pembe ya Afrika kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, Kenya tu ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Ukame una hesabu mbaya sana, mwanzoni watu wanakimbilia mnadani wote kwa pamoja, ng'ombe kakonda, bei inaanguka, na hapo hapo mahindi yanapanda, kwahiyo ng'ombe aliyekuwa ananunua magunia kadhaa sasa hanunui hata moja. Afu mvua ikirudi hakuna anayeuza, kila mtu anajenga kundi upya, na sisi wa bucha tunapandisha bei ya kilo mpaka wateja wanatununia. Wateja wangu wanadhani ni mimi. Mama mmoja aliniambia "wewe baba siku hizi umekuwa na roho mbaya", nikamuuzia nusu nikamuongezea na kipande cha ini ili yaishe.

Sasa kwenye biashara ya kuvuka mipaka ndo utamu ulipo, maana ramani ya ng'ombe haifanani kabisa na ramani ya nchi. Afrika Magharibi ng'ombe wako juu kwenye ukame, Mali, Burkina Faso, Niger, Chad, na walaji wako chini pwani, Abidjan, Accra, Lagos. Kwahiyo miaka yote ng'ombe wanashuka kusini, zamani kwa miguu, siku hizi wengi kwa malori, na hela zinapanda kaskazini. Nigeria imepiga marufuku kuingiza nyama ya ng'ombe kutoka nje lakini ng'ombe mwenye miguu yake kutoka Niger na Chad anaingia, na Lagos inawameza wote, nyama ya suya, mishikaki yao ile, matumbo, mpaka ngozi, ile wanayoiita pomo, wanaila yote. Hapo ndo nikajua kwanini ngozi yangu haina soko, nimezaliwa upande mbaya wa bara.

Ila hiyo biashara ya kushuka pwani iliwahi kukatwa shingo. Miaka ya 80 Ulaya ilikuwa na milima ya nyama kwenye majokofu yao, imezidi, hawajui waipeleke wapi, wakawa wanawalipa ruzuku wafanyabiashara waitoe nje, na sehemu kubwa ya nyama ile iliyogandishwa ikatua Abidjan na bandari za jirani. Vipande vya mafuta mafuta, bei ya chini kuliko ng'ombe aliyetembea kutoka Mali. Sasa utashindana vipi na mtu analipwa ili auze? Wafugaji wa Sahel, ule ukanda wa ukame wa juu, wakakosa wateja mpaka kelele zikapigwa, Ulaya ikaipunguza ile ruzuku 1993, afu Januari 1994 faranga ya CFA, hela ya nchi nyingi zilizotawaliwa na Mfaransa, ikashushwa thamani nusu kwa mpigo, cha nje chote kikawa ghali mara mbili, na ng'ombe wa Burkina akarudi sokoni kama hajawahi kuondoka. Kwa mtu wa mjini ile Januari ilikuwa msiba. Kwa mchunga ng'ombe wa Sahel ilikuwa sikukuu. Siku ile ile moja.

Kusini mwa bara ndo wenzetu walioamua kuhesabu kilo, na gharama yake inatisha. Botswana na Namibia zinauza nyama Ulaya miaka mingi. Enzi za mkataba wa Lomé wa 1975, wa Ulaya na nchi nyingi ilizowahi kuzitawala, kila nchi iliyoruhusiwa kupeleka nyama ilikuwa na kiwango chake cha kuingiza kwa nafuu ya ushuru, Botswana ilikuwa na tani 18,916 kwa mwaka, Zimbabwe baadae 9,100, Namibia ilipopata uhuru ikafika 13,000. Kenya je? Tani 142. Nilidhani nimesoma vibaya nikarudia. Tani 142 za nyama isiyo na mfupa, kwa ng'ombe wetu hawa ni kama ng'ombe 2,000 hivi, hiyo Nairobi inaimaliza wikendi moja na kachumbari yake.

Sababu kubwa ya Ulaya kumfungulia mmoja mlango na kumfungia mwingine ni ugonjwa wa miguu na midomo. Nyati anabeba virusi wala haumwi, ng'ombe akichangamana nae anaambukizwa. Kwahiyo Botswana kuanzia miaka ya 50 ikajenga uzio, mamia ya kilomita, ule wa Kuke ni wa 1958, kuwatenga ng'ombe na wanyamapori. Ukame ulipokuja nyumbu wakafuata njia zao za zamani kwenda kwenye maji, wakakuta waya, wakafa pale pale kwenye waya kwa maelfu. Namibia nayo ina ule uzio wanaouita mstari mwekundu, ulianza 1896 kwa ajili ya kuzuia sotoka ile ile ya Massawa, na mpaka leo upo, mfugaji wa kaskazini ya uzio, mtu mweusi mara nyingi, ng'ombe wake haruhusiwi kuvuka kwenda kuuzwa kwenye soko zuri la kusini. Kusini ya uzio mambo ni moto, Namibia 2019 ikaanza kupeleka nyama ya ng'ombe China, na 2020 ikawa nchi ya kwanza Afrika kuipeleka Marekani. Nikiwaangalia nawapongeza kwa moyo wote, afu namkumbuka yule wa upande wa pili wa waya.

Na uzio wenyewe hauna dhamana. 1995 homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia kaskazini magharibi mwa Botswana, Ngamiland, serikali ikaona njia ni moja, ikaua ng'ombe wote wa wilaya, zaidi ya 300,000. Wote. Wagonjwa na wazima. Watu walilipwa fidia lakini nimejaribu kumpa mjomba hiyo habari kwa simu akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani vocha imeisha.

Afrika Kusini wao ndo wakubwa wa unenepeshaji, kama robo tatu ya nyama yao inapita kwenye mazizi ya kulishia, ndama anaachishwa ziwa, anaingizwa, anakula mahindi kwa miezi mitatu minne na anatoka amekuwa gogo. Safi kabisa. Lakini Januari 2019 walipoteza ile hadhi ya kutokuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, baada ya hapo ukawa unazuka huku ukizimwa unazuka kule, Agosti 2022 wakasimamisha ng'ombe nchi nzima, hakuna kusogea kwa siku 21. Na zizi la kulishia ukilisimamisha halisimami, ng'ombe anakula kila siku na bili ya mahindi inatembea.

Mi mwenyewe nilijaribu kunenepesha msiseme naongea tu. Madume sita, nikakodi banda, mashudu ya alizeti, pumba, molasi, siku 90. Mwezi wa kwanza walinifurahisha mpaka nikawa naenda kuwaangalia Jumapili na watoto kama bustani ya wanyama. Mwezi wa pili mashudu yakapanda bei, nilichokosea ni kutonunua stoo nzima mwanzoni. Walitoka na kilo 160, 170, nyama laini ina mafuta kidogo katikati, nikasema hapa nimetoka. Nikaipeleka bucha nikaweka bei ya juu kidogo. Wateja wakaja, wakaangalia, wakasema "hii ina mafuta, nipe ile nyingine". Yani mtu kazoea mstaafu! Nikauza karibu yote kwa bei ya kawaida, madume wawili waliokwenda hotelini ndo walirudisha hela. Sasa unaona, mfugaji hapimi kilo, lakini na mlaji nae hajawahi kumlipa kwa ubora, analipa kilo ya nyama ni kilo ya nyama.

Halafu mlaji mwenyewe anahama. Kuku wa kisasa wiki tano sita yuko mezani, ng'ombe wangu miaka sita. Afrika Kusini kuku kashampita ng'ombe zamani sana, kwingine kote mijini kanakuja kwa kasi hako kajamaa, ukitembea jioni kila kona ni chipsi kuku. Ethiopia wao wana lao, nchi yenye ng'ombe wengi kuliko zote Afrika ina Waorthodoksi wengi, na muumini aliyenyooka anafunga siku karibu 200 kwa mwaka bila nyama, Kwaresma mabucha mengi yanafungwa kabisa, afu mfungo ukiisha watu wanakula nyama mbichi kabisa ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi hiyo, kwa furaha yote. Misri ni mnunuzi mkubwa, ila nyingi inatoka Brazil, na nyati maji aliyegandishwa kutoka India, wakati Sudan iko hapo juu ya mto Nile huo huo na ng'ombe wake. Wanachukua wa Sudan pia, ila meli ya nyama iliyogandishwa kutoka upande wa pili wa dunia inafika kwa mpangilio kuliko lori la jirani, na mfanyabiashara wa Cairo anataka mpangilio.

Ila kwenye haya yote hakuna kilichonifurahisha kama Chad na Angola. Chad ilikuwa inadaiwa na Angola dola milioni 100. Hela haina, ng'ombe inao, na Angola ng'ombe waliisha vitani. Wakakubaliana deni lilipwe kwa ng'ombe, 75,000 ndani ya miaka kumi, na Machi 2020 meli ya kwanza ikatia nanga Luanda na ng'ombe zaidi ya 1,000. Gawanya mwenyewe, ni kama dola 1,333 kwa kichwa. Kwa kichwa! Nchi mbili zenye mawaziri wa fedha na wachumi waliosoma, kwenye mkataba wa dola milioni 100, mahesabu ni vichwa. Nilicheka peke yangu usiku wa manane mke wangu akaamka akauliza kuna nini, nikamwambia Chad wamelipa deni kwa ng'ombe, akasema lala.

Na vichwa vina uraia pia siku hizi. 2017 Tanzania ilikamata ng'ombe 1,325 wa Wakenya walioingia kulisha upande wetu, wakapigwa mnada. Sheria ni sheria, sibishi, na majirani nao walinuna sana. Ila Mmaasai wa pale mpakani babu yake alichunga huko huko kabla hata ya mstari haujachorwa, na kila siku ng'ombe wa Tanzania wanaenda Kenya kuwa nyama choma ya Nairobi, wengi wao huwaoni kwenye takwimu yoyote. Ukisoma ripoti ya biashara ya nyama Afrika kumbuka hao. Kilichoandikwa ni kile kilichopita getini.

Sasa nirudi kwenye mzani maana najua kuna watu watauliza. Juzi nilienda tena. Nikamwambia mjomba leo nanunua kwa kilo, kama dalali hataki aache. Tukatafuta mwenye funguo za mzani, tukamkuta anakunywa chai, akashangaa kweli kweli, "mnataka kupima?", akaja akafukuza mbuzi, akafuta kioo na shati. Tukamuingiza dume mweusi, akagoma, akasukumwa na vijana wanne, kioo kikaandika 262. Dalali akasema mzani mbovu. Watu wakajaa, zaidi ya 50, kila mmoja anataka ng'ombe wake apimwe, wengine wanabishana wanawekeana dau la soda, hakuna hata mmoja aliyekuwa anauza kwa hiyo kilo, mimi mwenyewe yule mweusi tulimalizana kwa kupigana viganja kama kawaida, sogea, ongeza, haya chukua.

Mwishoni yule mzee wa ng'ombe 200 akampa mjomba fimbo yake amshikie, akapanda juu ya mzani taratibu, akasimama wima kama anapigwa picha. Mwenye funguo akamsomea, 54. Mzee akauliza hiyo ni pamoja na koti?